Aliyecheka Siku ya Kufunga Kilio

Tegueni hiki: anatoka nyumbani bila miguu, haombi njia kwa muntu, na kabla ya chungu cha maharagi kuchemka amekwisha kufika Itebero, Kitshanga na Goma kwa mara moja. Ni nani? Wazee wangejibu: ni neno. Watoto wa leo wanajibu: ni video. Umurerwa aliyajua majibu yote mawili, na yote mawili yalimukuta katika wiki moja.

Umurerwa alikuwa muimbaji. Hapana muimbaji wa miwani myeusi na magari. Alikuwa mulimaji wa maharagi na muhogo juu ya kilima pembeni ya Kashebere, pale Walikale inaposhikana mukono na Masisi. Lakini Mungu alimupa sauti ya kufariji. Wakati wa kukimbia vita, wakati yeye na bwana yake Evode walikuwa wanalala chini ya shitingi, yale maturubai ya wakimbizi, kule Kitshanga, mama jirani alifiwa, na Umurerwa akasimama karibu na kaburi akaimba wimbo wake mwenyewe, bila ngoma, bila gitare. Muntu mumoja akapiga video. Muntu huyo aliitwa Samy, mwenye studio ndogo ya kurekodi karibu na soko. Akafungua page kwa jina la Umurerwa, na mwaka haujaisha watu elfu themanini walikuwa wanamufuata. Wakamupa jina: Mama Faraja. Watu waliofiwa mbali huko, ambao hawatajua hata siku moja Kashebere iko upande gani, walilala na sauti yake kwenye sikio. Hata wale motari, waendesha pikipiki wa barabara, watu wasiomuogopa askari wala pasta, walipunguza mwendo wakimuona anatembea kandokando, ili wasimurushie matope.

Kisha ikaja mvua ya mwezi wa tisa.

Élie, kifungua mimba wake, mutoto wa miaka saba, alishikwa na homa. Kituo cha afya kilikuwa mbali, barabara ilikuwa imegeuka uji. Wanaume wanne wakamulaza kwenye tipoyi, ile machela ya miti miwili na blanketi, wakaibeba mabegani. Muzigo gani unaenda mbio na kurudi polepole, na uzito wake ni ule ule? Msitegue. Wenye kuujua hawapendi kuusikia.

Habari hiyo Umurerwa hakuitia kwenye page. Alimwambia Samy kwa telefone, "Mi niko mugonjwa kidogo, tutaongea," akaizima, akaiweka chini ya nguo ndani ya kikapo. Mwanamuke aliyeimbia wafu wa watu wote, wa kwake hakumuimbia hata mustari mumoja. Kwanza, mambo ya Élie yalikuwa mambo ya nyumba. Tena, hakuweza. Tangu siku ya tipoyi kitu kimoja ndani yake kilikufa ganzi, kama mukono ulioulalia ukaamka unauona ni wako lakini hauna habari na weye. Alitia chumvi kwenye sombe ya majani ya muhogo, akala, hakusikia chumvi. Watu walikuja kumupa pole, akawaangalia midomo inavyokwenda, akawajibu aksanti.

Sasa, katika ukoo wa Evode, kilio kina mulango wa kuingilia na mulango wa kutokea. Miezi miwili watu wanakaa na huzuni. Hakuna nguo ya rangi, hakuna kucheka kwa sauti. Kisha kinafungwa. Siku ya kufunga, mama aliyefiwa ananyolewa nywele, anaoga mutoni, anavaa kikwembe chenye maua makubwa. Na mulamu wake, dada ya bwana yake, siku ile ana kazi moja tu: kumuchekesha. Atasema ujinga wote wa dunia, ataiga mwendo wa wakubwa, mpaka meno ya mama yaonekane. Mama akisha kucheka, anapewa kasiksi, ile pombe ya ndizi, anakunywa wa kwanza, anasimama, anafungua muchezo. Wengine wote wanafuata nyuma yake. Asipocheka na asipocheza, kilio kinabaki wazi, na kilio kilicho wazi kinatafuta mutoto mwingine katika nyumba ile ile. Lakini kikisha kufungwa, basi. Marehemu haliliwi tena mbele ya watu. Kumulilia tena ni kumwita, na aliyekwenda haitwi: akiitwa anakuja, na akirudi anashika mukono wa mwenzake.

Umurerwa alikuwa mubatizwa. Hakujua kama aliamini mambo hayo ao hakuamini. Lakini alibakia na Gaëlle, binti wa miaka minne, na kwa kichwa cha Gaëlle hakutaka kujaribu kitu.

Siku ya kufunga ilifika katikati ya mwezi wa kumi na moja. Astrid, mulamu wake, mwanamuke munene mwenye mudomo usiolala, aliweka sahani tumboni ndani ya nguo, akafunga kofia ya Evode kichwani.

"Angalieni! Angalieni Evode siku alikuja kuomba huyu bibi!" Akatembea akiinua miguu juu. "Namna hii, sha! Kama jogoo mwenye kukanyaga majivu ya moto! Baba mukwe anamuuliza, 'Kijana, weye iko na ngapi ya ngombe?' Ye anajibu, 'Niko na kaka mukubwa!'"

Watu wakaanguka. Evode mwenyewe akaficha uso kwenye mikono. Na Umurerwa alicheka. Kinywa chake kilicheka. Yeye alikisikia kama unavyosikia kicheko kinatoka nyumba ya jirani. Wakamupa mulija, akavuta kasiksi. Akasimama, akanyoosha mikono kama mafahali wenye pembe ndefu, akacheza. Gaëlle alicheza nyuma yake akishika kikwembe. Mama Niyonsenga, mama mukwe, mwenye kulinda desturi za ukoo ule, akapiga kofi mara tatu akasema, "Kilio imefungwa." Ikawa imekwisha.

Muda ule wote Astrid alikuwa na telefone mukononi, anapiga video. Si kwa ubaya. Kule Itebero kuna wajomba na mashangazi ambao hawawezi kutembea pori lote wakati wa mvua, na ilifaa wajue kwamba mutoto wao amefungiwa kilio vizuri, mama amecheka, mama amecheza. Akaitia kwenye grupe ya WhatsApp ya familia. Maneno machache: *Mungu asifiwe, dada yetu amecheka.*

Siku ile ile, ng'ambo ya milima, mulima ulikuwa umekatika juu ya nyumba za watu, na marehemu kumi na saba walikuwa wanazikwa. Na Samy, ambaye tangu wiki nyingi alipiga simu haimupati Umurerwa, alikuwa ametangaza kwenye page siku mbili kabla: Mama Faraja atakuja kuimba makaburini. Alifikiri atamupata tu. Alifikiri muntu mugonjwa kidogo anapona. Watu walingoja kwenye matope wakiangalia barabara. Hakuna aliyekuja.

Mangaribi yake, muntu wa ile grupe ya familia, hatajulikana nani, aliitoa ile video nje. Ikaenda bila miguu.

*Tunazika, ye anacheka.*

*Machozi yake yote ilikuwa ya kwa kamera.*

*Angalia mulija! Angalia meno!*

*Bantu kumi na saba, na yeye iko kwa fête, anacheza.*

*Mama Faraja? Mama Kicheko!*

Na jina hilo likamushika. Asubuhi watu elfu mia mbili walikuwa wameiona. Muntu wa Butembo alikata kile kicheko peke yake, akakirudiarudia, akakitilia ngoma, na vijana wakakichezea. Redio iliyokuwa inafungua asubuhi na wimbo wake ikaacha. Wale elfu themanini wakaanza kutoka, kila mumoja akitupa neno mulangoni kama muntu anayetema mate.

Sikilizeni jambo moja. Nusu ya Kashebere ilikuwa katika ile video. Walikunywa kasiksi ile, walicheza nyuma ya Umurerwa, walijua kilio kilikuwa cha nani. Hakuna hata mumoja aliyeandika. Ukisema ukweli kwenye telefone, ile mvua ya mawe inaacha kichwa cha kwanza inakuja kwa kichwa chako. Wakanyamaza. Kisha, ukinyamaza siku nyingi, unaanza kufikiri labda wale wanaosema wanajua kitu ambacho weye hukukijua.

Alhamisi muzee mumoja wa pale chini alikufa. Umurerwa alifunga kuni, akazibeba na ngata kichwani, akaenda kukaa na waliofiwa kama anavyofanya kila mara. Wanawake waliokuwa kwenye mukeka walimuona tangu mbali. Alipofika, mukeka ulikuwa umejaa, ingawa watu walikuwa wachache.

"Karibu, dada," mumoja akasema. "Lakini leo usituimbie."

"Sikuja kuimba. Nimeleta kuni."

"Kuni uweke pale."

Akaziweka. Akasimama. Binti mumoja akainua telefone, akajifanya anasoma.

"Na usituchekee pia," bibi mumoja akasema pembeni, na wenzake wakafunika midomo na vikwembe, mabega yakitikisika. Bibi huyo alikuwa amekunywa vikombe vitatu siku ya Élie.

Umurerwa alingoja iume. Unajua ukijikwaa kidole kwenye jiwe, kuna ile saa ndogo unangoja maumivu yafike? Alisimama ndani ya saa ile. Haikufika kitu. Akasema, "Mubaki na amani," akapanda kilima.

Nyumbani alimukuta Pasta Esdras, wa kanisa ambamo yeye aliongoza koro, ile kwaya ya Jumapili, anakunywa chai na Evode.

"Mama Élie," Pasta akasema, kisha akajirekebisha, "Mama Gaëlle. Mi ninakujua. Mi nilikuwa hapa siku ile, nilikula hata nyama. Lakini kanisa iko na macho mengi. Bananiandikia kutoka Masisi, kutoka Goma. Banauliza, huyu njo anasimama mbele ya koro yenu?"

"Na Pasta anabajibu nini?"

Pasta alizungusha kijiko ndani ya kikombe. "Ufanye video. Ueleze kilio ilikuwa ya nani. Dakika mbili tu. Mpaka Jumapili. Kama haifanyike, basi Victorine ataimba fasi yako, mpaka mambo itulie."

Pasta alipoondoka, Evode alibakia anaangalia chini.

"Sema tu," akasema. "Élie ni mutoto wangu pia. Kila siku ninasoma vile banamutukana mama yake. Mi ninashindwa."

"Na kilio? Tumeifunga."

"Kilio, kilio! Jina lako inaoza hapa inje kama muhogo kwenye maji, na weye unaniambia kilio?"

Umurerwa alikusanya vikombe. Alikuwa anaona kwamba Evode ana haki ya kukasirika, na aliona hasira yake kama unavyoona moto wa kupikia ng'ambo ya bonde: unawaka, lakini joto halifiki. Akasema, "Mwite Samy." Hakusema hivyo kwa kukubali. Alisema kwa sababu kukataa kulihitaji nguvu.

Samy alifika Ijumaa jioni, matope mpaka kwenye nyusi, akalala kwa Pasta, na Jumamosi asubuhi akapanda na kijiti chake cha kusimamishia telefone. Alikuwa muntu muzima, mwenye mvi mbili tatu, si mubaya. Aliomba musamaha mara nne.

"Mama, kama ningejua! Lakini weye uliniambia mugonjwa."

"Njo nilikuambia."

"Tutaitengeneza leo. Bantu banapenda kukosa, kisha banapenda kulia juu ya kukosa kwabo. Utaona. Kesho batakupenda kuliko zamani."

Wakaenda nyuma ya nyumba, kwenye migomba, mbali na macho ya Mama Niyonsenga. Samy alimukalisha kwenye kiti, akamupa photo ya Élie, ile ya kumaliza mwaka wa kwanza wa shule, mutoto ameshika karatasi ya pointi na anafinya macho kwa sababu ya jua.

"Shika karibu na kifua. Chini kidogo, inaficha mudomo. Aya. Sema."

"Mi ninaitwa Umurerwa," akasema. "Ile siku munaniona nacheka, tulikuwa tunafunga kilio ya mutoto wangu. Aliitwa Élie. Alikuwa na miaka saba."

Samy alingoja. "Endelea."

"Imekwisha."

"Lia kidogo, mama."

"Haitoke."

"Ufikirie ile siku ya tipoyi."

"Ninaifikiria."

"Na?"

"Haitoke, Samy."

Samy alipangusa kioo cha telefone na shati. "Haina neno. Tutatia muziki. Photo tutaikuza, tutaweka na mishumaa. Macho yako itaonekana kama umelia sana, imekauka." Akajaribu kuituma pale pale, lakini rezo, mutandao wa kilima kile, inatembea kama mulevi: inakuja, inaanguka, inalala njiani. "Nitaituma nikifika Masisi. Saa saba, saa nane, kila muntu ataiona." Akashika njia.

Umurerwa alirudi uani. Mama Niyonsenga alikuwa amekaa chini, miguu imenyooshwa, anachagua maharagi kwenye ungo, na Gaëlle pembeni yake anayachanganya tena.

"Nimesikia unamutaja," mama mukwe akasema, bila kuinua macho.

"Ndiyo, mama."

"Ulilia?"

"Hapana."

"Lakini umeita."

"Haijatoka bado. Samy ataituma akifika Masisi."

Bibi hakugomba. Kama angegomba, labda mambo yangekwenda njia nyingine, maana Umurerwa alikuwa amezoea maneno makali wiki ile, yalikuwa yanamupita kama maji juu ya jani la muhogo. Bibi aliweka ungo chini. Akamwita Gaëlle, akainama, akamubeba mugongoni, akamufunga na kikwembe, akakaza fundo kifuani mara mbili. Mutoto wa miaka minne, mukubwa, hafungwi tena mugongoni. Miguu yake ilining'inia karibu na magoti ya bibi. Vile vile njo wanavyofunga mutoto siku ya kukimbia, siku ile usipojua nani atabaki nyuma.

"Bibi, tunaenda wapi?" Gaëlle akauliza, akicheka.

"Hatuendi fasi. Tunakaa hivi."

Umurerwa aliangalia ile miguu miwili midogo, vumbi kwenye visigino, inavyochezacheza hewani. Hata hapo hakusikia woga. Hakusikia kitu. Miguu yake mwenyewe tu ilianza kwenda.

Alishuka kilima bila viatu. Alipiga simu mara moja, mara tatu. Rezo ilikuwa imelala. Pale barabarani alimukuta motari mumoja amekaa juu ya pikipiki yake.

"Kaka, kuna muntu wa Kitshanga amepita, na mufuko mwekundu mugongoni?"

Motari alimuangalia, akamutambua, akatabasamu upande mumoja. "Amepita. Kwani unakimbiza nini, Mama Kicheko?"

"Unifikishe kwake."

Motari hakupunguza mwendo kwenye matope. Yalimurukia mpaka kifuani, naye akayaacha yakauke.

Walimukuta Samy kwenye lile shimo kubwa la barabara ambalo kila mwaka linameza makamyo, yale malori ya mizigo. Makamyo mawili yalikuwa yamezama mpaka kwenye tumbo. Madereva na wasaidizi wao walikuwa wamekaa juu ya mizigo wakingoja, wamewasha moto, wamepika, kama watu waliohamia pale. Samy alisimama pembeni akingoja vijana wenye nguvu waje kuinua pikipiki yake na kuivusha. Telefone ilikuwa mukononi, juu, inatafuta rezo.

"Samy! Uliituma?"

"Mama? Umefanya nini? Bado, rezo inakuja mustari moja tu..."

"Nipe."

"Nikupe nini?"

"Futa ile video. Mbele yangu."

Kwenye kamyo muntu akapiga muluzi. "Wee, bandugu! Njo ule! Njo ule wa kucheka!" Vichwa vikageuka. Wasaidizi wakashuka, telefone zikatoka mifukoni kama panya kwenye ghala.

Samy alisogea karibu, akashusha sauti. "Mama, usikie mi. Kesho ni Jumapili. Pasta anangoja. Bantu elfu themanini. Nikiituma, kesho wewe tena ni Mama Faraja. Nikifuta, jina yako imekufa. Unajua unafanya nini?"

"Ninajua."

"Bataendelea kukutukana!"

"Batanitukana mi. Mi niko mukubwa."

Samy alimuangalia: kichwa kilichonyolewa, matope, miguu mitupu. Akashusha mukono uliokuwa unatafuta rezo. Akamuonyesha kioo. Élie alikuwa pale, anafinya macho kwa sababu ya jua, na nyuma ya photo uso wa mwanamuke uliokuwa hauna kitu. Umurerwa aliweka kidole mahali Samy alipomuonyesha. Picha ikatoweka.

"Inabaki fasi ingine?"

"Kwenye pubele ya telefone, kile kikapo cha takataka. Inakaaka siku makumi tatu."

"Toa na huko."

Akatoa na huko.

"Mama Kicheko!" dereva mumoja akaita, anapiga video, mukono mumoja kiunoni. "Tumelala hapa siku ine, dada! Cheka kidogo basi, makamyo itoke!"

Wote wakapiga kelele. Umurerwa alimuangalia dereva yule. Alikuwa na uso muchovu, mwenye ndevu za siku nyingi, na sauti yake haikuwa hata na ubaya. Alitaka tu kitu cha kutazama. Umurerwa alisimama pale mpaka dereva akachoka mukono, akashusha telefone.

"Ao uimbe," dereva akasema, polepole kidogo.

"Nitarudi na miguu," akamwambia Samy. "Usafiri vizuri. Usalimie kwako."

Alifika nyumbani jua lilipokuwa juu ya migomba ya upande wa pili. Mama Niyonsenga alikuwa bado amemufunga Gaëlle mugongoni. Mutoto alikuwa amelala, kinywa wazi, jasho kwenye paji. Umurerwa akamugusa. Jasho tu, bila homa.

"Imefutwa, mama."

Bibi akafungua fundo la kwanza, kisha la pili. Umurerwa akapokea ule uzito, akaupeleka ndani, akaulaza. Evode alikuwa mulangoni. Aliuliza, "Ulifanya nini?" naye akamwambia yote, kwa maneno machache. Evode alisikiliza mpaka mwisho. Alitoka, akakaa kwa kaka yake mpaka saa ya kula.

Jumapili Victorine aliimba. Aliimba ule wimbo wa Kitshanga, na mustari wa tatu aliushika juu sana, sauti ikamukatika. Umurerwa alikuwa nyuma, kwenye benchi la wageni, hakuna aliyekaa karibu yake ila Astrid. Astrid alikuwa amelia macho yakavimba, wiki nzima alikuwa anaomba, "Uniachie niandike mi, mulamu, mi njo niliipiga, mi njo niirudishe," na Umurerwa alimujibu kila mara neno moja: "Apana." Pasta Esdras alipotangaza kwamba koro imepata kiongozi mupya, watu wachache walipiga kofi, kisha wengine wakafuata. Siku hiyo ile video ya barabarani, ya mwanamuke mwenye matope asiyecheka, ilikuwa imekwisha kusambaa. *Angalia, sasa amechizika.* Watu hawakuisema sana. Siku ya pili kulikuwa na mwingine, mucheza mupira wa Goma aliyemutukana mama yake, na ile mvua ya mawe ikahamia kwake.

Page ya Mama Faraja ilibakia pale, na hakuna muntu anayeifungua.

Jumatatu Umurerwa alienda shamba na Gaëlle. Majani yalikuwa yamepita maharagi kwa urefu, maana wiki mbili hakuna aliyepalilia. Evode alikuja nyuma yao, jembe begani, akaanzia upande mwingine wa shamba, bila salamu, lakini alianza.

Gaëlle alipenda kazi. Alikuwa anang'oa kwa mikono miwili na kutupa nyuma.

"Ile ni haragi," Umurerwa akamwambia.

"Hii?"

"Hii pia. Majani njo hii hapa."

"Nimeng'oa mingi, mama?"

Umurerwa akahesabu. Tano. Akapiga magoti, akachimba na kidole, akarudisha ule muche wa kwanza, akaukanyagia udongo pande zote. Akarudisha wa pili. Gaëlle alichuchumaa karibu yake, akaweka kidole chake kidogo pale pale, akakandamiza kwa nguvu zote, ulimi nje.

Udongo ulikuwa baridi kwa sababu ya mvua ya asubuhi. Umurerwa aliacha mukono pale kidogo. Kisha wakaendelea na wa tatu.